Nipe Mji: Je, Mtunzi Aliyekwama Anaruhusiwa Kucheza?

Lipo swali ambalo sisi watunzi wa nyimbo tunalikwepa kama mwenye deni anavyolikwepa duka la Mangi. Swali lenyewe ni hili: mtunzi akikwama, kichwa kikagoma, karatasi ikabaki nyeupe wiki nzima, ana haki ya kufanya nini ili wimbo utoke? Sikuuliza ana uwezo wa kufanya nini. Uwezo anao mwingi, tena mwingi mno. Nimeuliza ana haki gani.

Wengi hulichukua jambo hili kama la ufundi, sawa na fundi cherehani aliyekatikiwa uzi. Tafuta uzi mwingine, shona, maisha yaende. Mimi nadai kwamba ni suala la maadili kwanza, ufundi baadaye, kwa sababu saa ya kukwama ndiyo saa ambayo mtunzi hujaribiwa. Mtu mwenye mistari mingi kichwani hana sababu ya kuiba. Anayeiba ni aliyekaukiwa. Kwa hiyo ukitaka kumjua mtunzi, usimtazame siku ana mzuka. Mtazame siku hana kitu.

Tukubaliane kwanza tunachosema tunaposema kukwama. Hapa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia vijiwe vya Mwanjelwa na Soweto kule Mbeya hadi Kihesa na Miyomboni kule Iringa, hali zote hizi huitwa kwa jina moja tu: "kichwa kimegoma". Lakini kichwa hakigomi kwa namna moja. Mimi nimezihesabu tatu.

Ya kwanza ni kukwama kwa woga. Mtu anataka mstari wa kwanza tu uwe mkubwa, uwatikise watu, upigwe redioni, kaka yake aliyemwambia muziki ni uhuni aone haya. Basi kila mstari unaokuja anaupima kwa mizani hiyo na kuutupa. Huyu ana maneno, ila ameweka mlinzi mkali mlangoni.

Ya pili ni ukame. Ghala ni tupu. Mtu hajasoma, hajasikiliza, hajatembea, hajakaa na watu. Ametunga nyimbo kumi na mbili kutokana na maisha ya chumba kimoja, na chumba kimeisha. Huyu hana mlinzi wala mzigo wa kulinda.

Ya tatu ndiyo ngumu, nayo nitaiita kukwama kwa dhamiri. Maneno yapo, woga haupo, ila wimbo unakataa kwa sababu unachotaka kusema ni uongo na ndani yako unajua. Mji wa Iringa ulipata jina lake kutokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Mtwa Mkwawa alijijengea ngome yake ya mawe pale Kalenga, na Wajerumani waliivunja Oktoba 1894. Naitaja kwa sababu ukuta hufanya kazi mbili: unakuzuia kupita, na pia unalinda kilichomo ndani. Kukwama kwa aina hii ya tatu ni lilinga. Kabla hujaubomoa ukuta, uliza kwanza unalinda nini.

Sasa mtunzi aliyekwama ana milango kadhaa ya kutokea.

Mlango wa kwanza ni wizi. Unachukua kibwagizo cha mtu wa mbali, wa nchi ambayo unadhani hakuna anayeisikiliza mtaani kwako, unabadili majina, basi. Wanafunzi wanaita kudesa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na mtunzi anaweza kwenda COSOTA kudai haki yake. Lakini tuwe wakweli, washikaji: wengi hawaibi kwa sababu hawaijui sheria. Wanaiba kwa sababu kesho kuna studio na tayari wamekwisha kulipia.

Mlango wa pili ni kujirudia. Unatunga wimbo wako wa mwaka juzi kwa mara nyingine, ukiwa umeuvalisha shati jipya. Hakuna sheria inayokataza. Ila msikilizaji aliyetoa hela yake anajua kwamba amelishwa kiporo.

Mlango wa tatu ni kuzuga: kupanga maneno matamu yasiyosema kitu. Si bure kwamba mtaani neno "usanii" limepata maana ya pili. Mtu akichelewa kulipa deni akaanza hadithi ndefu, tunamwambia "acha usanii". Hebu fikiria aibu hiyo! Jina la kazi yetu limekuwa jina la ulaghai, na hatuwezi kuwalaumu waliolibatiza. Walikuwa wanatutazama.

Mlango wa nne ni kunyamaza. Huu ni mlango wa heshima, na wapo wanaopaswa kuutumia. Lakini kijana anayeanza akinyamaza kila anapokwama hatajifunza kamwe, kwa kuwa kukwama ni sehemu ya kazi kama vumbi lilivyo sehemu ya safari.

Mlango wa tano ni mchezo. Huu ndio ninaoutetea.

Najua wapo watakaoguna. Mzee mmoja wa kwaya aliwahi kuniambia kwamba wimbo wa kweli hutoka kwenye uchungu au kwa Mungu, na kwamba kuutafuta kwa mchezo ni kumkosea aliyeutuma. Hoja yake ni nzito na siipuuzi. Nyanda hizi zina historia ndefu ya kuimba kwa unyenyekevu. Wamisionari wa Moraviani walifika Rungwe tangu 1891, na tangu hapo kizazi kwa kizazi kimejifunza kwamba wimbo ni sala. Je, sala inachezewa?

Namjibu mzee wangu hivi, kwa adabu zote. Mchezo si kinyume cha heshima. Kinyume cha heshima ni dharau, na mchezaji mzuri hadharau mchezo hata kidogo. Mtazame msichana anayecheza mdako: macho yamekaza, pumzi ameibana, kijiwe kiko hewani na mkono uko chini. Waangalie wazee kwenye bao. Hakuna anayecheka ovyo. Mchezo una sheria kali kuliko ofisi nyingi za serikali, na tofauti yake ni kwamba sheria hizo zinafuatwa. Kitu pekee ambacho mchezo umekiondoa ni hofu ya matokeo. Ukishindwa leo, kesho unacheza tena.

Na hapo ndipo siri ilipo. Karatasi nyeupe inamtisha mtunzi kwa sababu ina njia elfu moja. Sheria ya mchezo inafunga njia mia tisa tisini na tisa. Ukibaki na njia moja huna muda wa kujiuliza kama wewe ni mkubwa au mdogo, unapita. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alieleza vina na mizani ambavyo malenga walikuwa wakivifuata kwa muda mrefu, ile mizani kumi na sita katika mstari, nane huku na nane kule. Vijana wengi tuliozaliwa baada ya Kezilahabi kutoa *Kichomi* mwaka 1974 tumeziona sheria hizo kama pingu. Zinaweza kuwa pingu, kweli. Lakini muulize mtu aliyezitumia kwa muda mrefu: kina kinapodai neno linaloishia na "-nda", malenga analazimika kwenda kulitafuta mahali ambapo asingefika kwa hiari yake. Kina kinamtuma dukani, na akirudi amebeba zaidi ya alichotumwa. Huo ni mchezo, tena wa zamani, ila tumeuita sheria na kuusahau.

Historia yetu ina mfano mkubwa zaidi. Kandokando ya Ziwa Nyasa kuna ngoma ya mganda, ambayo wenzetu wa Malawi hucheza na binamu yake, malipenga. Vijana waliona bendi na gwaride la askari wa kikoloni, wakaona amri, mistari iliyonyooka, tarumbeta. Wakaenda kucheza gwaride lao wenyewe, na mahali pa tarumbeta za shaba wakapuliza vibuyu. Mwanahistoria Terence Ranger aliziandikia ngoma za namna hii kitabu kizima mwaka 1975, akianzia na beni ya pwani. Tafakari kidogo: kitu kilichokuja kutisha watu kimegeuzwa mchezo, na kilipogeuzwa mchezo kikazaa nyimbo. Nani atasema nyimbo hizo si za kweli kwa sababu zilianza kwa kuigiza?

Tusiende mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Saleh Jabir alichukua mdundo wa Mmarekani Vanilla Ice akauvisha maneno ya Kiswahili. Ulikuwa mchezo wa kuvisha nguo. Watu walicheka, wakapenda, na wengi wakagundua kwamba kumbe Kiswahili kinaweza kughanwa juu ya mdundo ule. Mwaka 1995 Joseph Mbilinyi, ambaye wakati huo tulimjua kama 2-Proud, alitoa *Ni Mimi*, na mwaka 2010 watu wa Mbeya Mjini walimpeleka bungeni, akakaa huko hadi 2020. Kwa hiyo katika mji wetu hakuna mtu anayeweza kusema kwamba mistari ni mambo ya kitoto. Mistari ilikwenda Dodoma.

Msomaji makini ataninasa hapa: "Wewe si umesema wizi ni mlango mbaya? Mbona unamsifu aliyechukua mdundo wa mtu?" Swali zuri. Hata wimbo wetu wa taifa unatumia sauti aliyoitunga Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897. Basi tofauti iko wapi?

Tofauti, naamini, ni mashahidi. Mchezo huchezwa mbele ya watu, na sheria yake inaweza kutamkwa kwa sauti. Saleh hakuficha mdundo ulikotoka. Utamu wote ulikuwa kwamba kila mtu anajua ulikotoka. Mwizi naye anategemea usijue. Ukijua tu, wimbo wake unaanguka. Kwa hiyo nina kipimo kimoja, na nakipendekeza kwa kila kijana anayeshika kalamu: je, ninaweza kupanda jukwaani na kusema wimbo huu nilivyoupata, kisha nikauimba, na bado ukasimama? Kama unasimama, umecheza. Kama unaanguka, umeiba au umezuga.

Kuna atakayesema kwamba mtu ana haki ya siri zake, na wimbo uliotoka kwenye msiba wa nyumbani si lazima utangazwe. Nakubali. Lakini huyo anaficha kwa haya, na siku siri ikijulikana wimbo wake utazidi uzito. Mwizi anaficha kwa hesabu. Hizo siri mbili hazifanani.

Sasa nieleze michezo yenyewe, maana najua wapo waliosoma hadi hapa wakisubiri hilo tu.

Mchezo wa kwanza ni wa babu zetu, nao naupenda kuliko yote. Kwenye vitendawili mtu anasema "Kitendawili!", wengine wanajibu "Tega!" Anatega. Wanajaribu, wanashindwa. Je, wanaaibishwa? Wanapigwa? La hasha. Mtegaji anasema "Nipe mji". Aliyeshindwa anatoa mji: chukua Tukuyu. Mtegaji akiridhika anaupokea, anasimulia alivyokwenda Tukuyu na alivyokaribishwa, ndipo anatoa jibu. Tazameni hekima ya watu hawa. Walijua kwamba watu watakwama, wakaweka kukwama ndani ya mchezo wenyewe. Kukwama kuna bei, bei inalipika, na mchezo unaendelea. Hakuna anayefukuzwa kwa kutojua.

Kijiweni kwetu tumeugeuza hivi. Watunzi wawili au watatu mnakaa. Mmoja anaimba mstari, anayefuata anajibu. Akishindwa anatoa mji, lakini lazima uwe mahali alipowahi kukanyaga, na lazima ataje kitu kimoja alichokiona pale kwa macho yake. Si alichohisi, alichokiona. "Natoa Chimala. Niliona gunia la mchele limetoboka, kuku wanalifuata nyuma ya mkokoteni." Kitu hicho kinaingia kwenye mstari unaofuata. Mchezo huu ni dawa ya ukame. Utashangaa ghala ulilodhani tupu lina vitu vingapi.

Mchezo wa pili ni wa basi. Kutoka Iringa hadi Mbeya kwa barabara kuu iendayo Zambia ni zaidi ya kilomita 300. Panda na daftari. Sheria: kila kituo ni mstari mmoja, huruhusiwi kufuta. Ifunda, mstari. Mafinga, mstari. Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi, Uyole. Basi halimsubiri mtu anayetafuta neno kubwa. Ukifika una mistari saba, mitano mibovu, miwili mizima. Miwili inatosha kuanzia wimbo. Asiye na nauli achukue daladala. Vituo ni vituo. Huu ni dawa ya woga, kwa sababu mlinzi yule mkali wa mlangoni hapewi muda wa kukagua.

Mchezo wa tatu ni wa mwiko. Andika wimbo wa mapenzi bila maneno haya: penzi, moyo, machozi, usiku, milele. Ukilitaja mojawapo unanunua chai ya kijiwe. Kule Ufaransa waandishi na wanahisabati walianzisha kikundi chao mwaka 1960, wakajiita Oulipo, kazi yao ikawa kujiwekea miiko ya namna hiyo. Mmoja wao, Georges Perec, alitoa riwaya nzima mwaka 1969 isiyo na herufi "e", ambayo kwa Kifaransa ni kama kupika ugali bila maji. Usijaribu kuikimbia "a" kwa Kiswahili, utazeeka. Lakini kuyakimbia maneno yaliyochoka inawezekana, na hapo ndipo mapenzi yanapoanza kuonekana: ndoo ya maji iliyobebwa bila kuombwa, kiti kilichoachwa wazi kwenye benchi.

Mchezo wa nne ni wa maneno ya kipuuzi. Paul McCartney alipopata sauti ya "Yesterday", iliyotoka mwaka 1965, hakuwa na maneno, akawa anaimba habari za mayai ya kuvuruga ili sauti isimtoroke. Kiswahili kinafaa sana kwa ujinga huu mtakatifu, kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia na vokali na huimbika hata zikiwa hazina maana. Na sisi wa huku tuna hazina ya ziada: imba kwanza kwa Kinyakyusa, Kisafwa, Kibena au Kihehe, lugha uliyokaripiwa nayo ukiwa mdogo, halafu ndipo uvushe kwenye Kiswahili. Wengi wetu Kiswahili chetu cha kutungia ni cha shule, kimenyooshwa kwa pasi. Lugha ya nyumbani ina mikunjo.

Mchezo wa tano ni wa kofia. Chukua gazeti lililofungiwa maandazi, kata maneno, tia kwenye kofia, chomoa moja moja. Tristan Tzara aliwaelekeza watu mchezo huu mwaka 1920. Wengi huudharau kwa kuwa neno limekuja kwa bahati. Lakini bahati inaleta neno tu, haileti sentensi. "Mbolea" na "harusi" vikitoka kwenye kofia pamoja, kofia haijui vinahusianaje. Wewe ndiye unayelazimika kujua. Kama huna kitu cha kusema juu ya dunia, maneno hayo yatabaki vipande vya gazeti. Ndiyo maana nasema wimbo uliotokana na mchezo ni wako kabisa: mchezo umeuliza, wewe umejibu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote.

Nina mshikaji wangu, mpiga gitaa, ambaye mwaka mmoja wa uchaguzi alipewa kazi na mtu aliyekuwa anagombea. Wimbo wa kumsifu, hasa kuhusu barabara ya kata yake. Nusu ya hela alipewa mkononi, na mshikaji alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba miezi minne. Wiki tatu kichwa kikagoma. Si kawaida yake. Huyu ni mtu anayetunga huku anakata kitunguu. Akaja kwangu: "Bwana, nisaidie, nimekauka."

Tukacheza Nipe Mji. Mara ya kwanza akatoa Iringa, mara ya pili akatoa Kyela. Mara ya tatu, bila kupanga, akaitoa kata yenyewe. Sheria ni sheria: ulipokanyaga, na ulichokiona kwa macho. Akanyamaza kidogo. Akasema aliona mama mmoja na debe la viazi kichwani, viatu ameshika mkononi, tope limefika magotini. Akasema aliona watoto wa shule wanavuka kijito juu ya gogo, mkubwa akiwa wa mwisho ili awaone wadogo wote. Basi wimbo ukatoka jioni ile ile, beti nne, na ulikuwa mzuri kuliko vyote alivyowahi kutunga. Aliyemlipa aliusikiliza mara moja tu. Akataka hela yake. Mshikaji akauza baiskeli.

Mpaka leo ananiambia, nusu utani, nusu si utani: "Mchezo wako ule uliniponza."

Nimelifikiria neno hilo sana. Mchezo haukuutunga ukweli ule. Aliuona yeye mwenyewe kabla hajashika hela. Hizo wiki tatu hakuwa mkavu. Alikuwa na lilinga, ukuta ulioshikilia kitu, na mchezo ulipita mlango wa uani ukakitoa nje. Angetumia mlango wa kuzuga, angelipwa. Michezo mingine yote niliyoitaja ingeweza pia kumtolea wimbo wa uongo uliopangika vizuri, kama angeamua. Kofia haikatai kutumikia uongo. Hilo lazima niliseme wazi ili nisije nikauza mchezo kama dawa ya mganga wa stendi inayotibu jino, mgongo na mapenzi. Kinachookoa ni zile sheria mbili ndogo za babu: ulipokanyaga, na ulichokiona. Nao wimbo wa sifa ungeanguka kwenye kipimo cha jukwaa; hakuna aliyeweza kusema "nimelipwa kuisifu barabara ambayo haipo" kisha akaimba.

Lakini kodi ya miezi minne si falsafa. Mimi sikuwa na hela ya kumpa, na aliyekuwa na hela hakuutaka ukweli. Ni rahisi kwa mwandishi wa insha kumwambia mpiga gitaa aheshimu dhamiri yake wakati mwenye nyumba anagonga mlango wa mpiga gitaa, si wa mwandishi. Mtu akikosa pa kulala anaweza kuamua kuzuga wimbo mmoja ili apate pa kutungia wa kweli, na mimi sitamrushia jiwe. Ninachomwomba ni kimoja: asijidanganye kwamba alikuwa amekauka. Aite kitu kwa jina lake. Aseme, "Hapa sijakwama, hapa nakataa, na leo nimeshindwa kukataa." Mtu anayejua kwamba alikuwa anakataa ataweza kukataa siku nyingine. Anayedhani kichwa chake ni kibovu atatafuta dawa maisha yake yote, na atawapata wa kumuuzia.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Mtunzi aliyekwama anaruhusiwa kucheza, na kwangu mimi ni zaidi ya ruhusa: kabla hajaiba, kabla hajajirudia, kabla hajazuga, anawajibika kucheza kwanza. Mchezo utamwonyesha amekwama namna gani. Kama ni woga, utayeyuka. Kama ni ukame, utajua pa kwenda kuchota. Kama ni dhamiri, mchezo wenye sheria safi utaitoa hadharani, na hapo uamuzi ni wako, pamoja na gharama zake.

Wewe unayesoma haya na una daftari lenye ubeti mmoja usio na mwenzake, usione haya. Tafuta mwenzio, kaeni, mtegane. Ukishindwa, toa mji. Toa unaoujua.

Mimi wimbo wangu wa sasa umesimama ubeti wa pili, leo siku ya tisa. Natoa Makambako.